Wazima wa Daktari Zakariya

Habari haikuwahi kulala tumboni mwa Bi Swabaha. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri limeshafika Makadara, na alasiri linakurudia mwenyewe mlangoni limetiwa pilipili na ndimu, unaulizwa kama umelisikia. Kwa hivyo Afaf, bintiye, alipogundua kwamba mamake amekaa na siri miezi mizima, kwanza alishtuka kwamba siri imekaa, kisha ndipo akashtuka kwa siri yenyewe.

Walikuwa wakijitayarisha kwenda harusini. Bi Swabaha amesimama mbele ya kioo, Afaf nyuma yake anamfunga zipu ya gauni, na zipu imekataa kupanda. Afaf akapeleka mkono ubavuni mwa mamake kuivuta nguo, na mamake akaruka kama aliyemwagiwa chai ya moto. Chini ya kwapa, pale titi linapoanzia, palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa ndimu changa.

"Ni nini hiki, mama?"

"Mafuta."

"Mafuta gani magumu hivi?"

"Mafuta ya uzee. Funga zipu, watu watungoja."

Afaf hakuifunga. Alisimama nayo mkononi mpaka mamake akageuka, na uso aliouona haukuwa ule wa kila siku. Ulikuwa uso wa mtu mwenye hofu, na hofu haikuwa na desturi ya kuingia nyumba ile.

"Kiko tangu kabla ya mfungo," Bi Swabaha akasema, sauti chini. "Chaongezeka. Na wewe ukimwambia mtu, hata paka, radhi zangu huna. Wanisikia?"

"Twende kwa Daktari Zakariya."

Bi Swabaha akacheka, cheko lisilo na raha. "Kwa Zakariya? Nawe umekaa pale pembeni watwanga hiyo mashini yako? Nende nikavue nguo mbele ya mji mzima?"

Afaf akaiachia zipu. Kwa mara ya kwanza tangu apate kazi ile aliyokuwa akijivunia, mtu alikuwa amemwambia wazi inanuka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumwandikia daktari. Daktari Zakariya alirudi kutoka ng'ambo na shahada mbili, kiti cha ngozi kinachozunguka, na imani moja: daktari haandiki. "Mkono wa daktari," alipenda kusema, "ni wa kumgusa mgonjwa." Ndipo akaajiriwa Afaf, akae pembeni na kompyuta, aandike kila neno linalotoka kinywani mwa mkubwa. Ila huo mkono, ukishapumzishwa kalamu, haukumgusa mgonjwa vilevile. Ulikaa nyuma ya kisogo cha mwenyewe, naye amejilaza kitini, macho kwenye pangaboi, akizungumza na dari.

Mgonjwa akisema neno moja, daktari hulipa dari maneno kumi. "Mgonjwa ni mwanamke wa makamo, nukta. Ameingia akitembea mwenyewe, mkato, si mnyonge, nukta. Amekanusha maumivu ya kifua, amekanusha kizunguzungu, amekanusha homa, nukta, aya mpya." Yote kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza cha hospitali ambacho ndani yake mtu hasemi kwamba haumwi, hukanusha, kama mwizi wa kuku mbele ya hakimu. Vikongwe wa Mji wa Kale hawakujua anasema na nani huko juu. Mmoja alidhani anasomewa dua ya kombe, basi kila nukta akaitikia amina.

Na Afaf pembeni, buibui limepigwa pasi likang'ara, vidole vinapiga chapa kama mvua ya masika kwenye bati. Alikuwa amesomea kazi hiyo chuoni, akapewa cheti, na cheti kikampanda kichwani. Nyumbani alisema "sisi matabibu." Harusini akina mama walimwonyesha vidonge vyao chini ya leso, naye akavigeuzageuza na kukunja uso, kisha akawaambia wanywe maji mengi. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa ushauri huo, na yeye akahesabu kuwa ni utaalamu.

Tena alikula kiapo. Siku ya kwanza kazini daktari alimwapisha kwamba yasemwayo chumbani yabaki chumbani, na Afaf akakitimiza kiapo kwa namna yake: hakumwambia mtu yeyote. Alimwambia mamake tu, na mama si mtu, mama ni mama. Kila alasiri Bi Swabaha alikaa sebuleni kwenye mkeka akitunga asumini za maharusi, na Afaf akirudi kazini alitupa mkoba, akachukua sindano, akakaa naye. "Enhe," mama huanza, bila kuinua macho. "Leo kulikuwa na nani?"

Bi Swabaha naye hakumwambia mtu. Aliwaambia wanawake waliokuja kuagiza asumini, na hao si watu, ni wateja.

Hivyo ndivyo Bi Amatullah, jirani wa mtaa wa pili, mjane mwenye heshima zake, alivyokwenda kumnong'oneza daktari kwamba siku hizi akipiga chafya mkojo humponyoka, na wiki ileile akaenda maulidini, akakuta mahali pake pa kukaa pametandikwa nailoni. Kwa huruma, walisema. Ili asipate tabu. Bi Amatullah aliikalia ile nailoni maulidi nzima, ikipiga kelele kila alipojisogeza, na hakupiga chafya. Mwezi uliofuata alirudi kwa daktari, akamtupia Afaf jicho moja pale pembeni, akatangaza kwamba amepona.

Habari ya nailoni ilienda mji mzima, maana Bi Swabaha mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Na mji ulipoisikia, ukapona wote.

Lo, walipona! Wenye baridi yabisi waliingia chumbani wameuma meno, wakasema magoti yao kama ya mtoto. Wenye kukosa usingizi walilala fofofo. Mabwana waliotaka kuuliza lile jambo lao la chumbani waliuliza habari za mafua, wakapewa dawa ya mafua, wakaondoka nayo. "Hujambo?" "Sijambo, alhamdulillahi." "Kifua?" "Kizima." "Tumbo?" "Lipo tu, ladumu." Wakimaliza humtazama Afaf kama mtu anavyomtazama mbwa aliyefungwa kamba ndefu, wanachukua vidonge vyao vya presha na kwenda zao.

Daktari Zakariya hakuona ajabu. Alidhani ni dawa zake. Alijaza dari lile kwa habari za uzima, nukta kwa nukta, mpaka hesabu za kliniki zikapelekwa Nairobi na kampuni iliyomuuzia mitambo ya kuandikia ikatuma mtu wake, Nicanor, kijana wa suti nyembamba aliyetokwa na jasho toka stesheni mpaka Makadara. Nicanor alifungua faili hili na lile, akapiga mluzi. Akasema hajapata kuona wagonjwa wazima namna hii, kwamba kliniki ni mfano kwa nchi. Alileta cheti kwenye fremu ya dhahabu, kikatundikwa sebule ya kungojea, juu ya vichwa vya wazima waliokuwa wamejaa hapo wakijikuna na kukohoa.

Kisha ikaja ya Mzee Aidarus, muuza halua. Alikuwa na sukari, na chini ya wayo alikuwa na kidonda. Bintiye ndio kwanza ameletewa posa, na Mzee Aidarus hakutaka ukweni wasikie kwamba baba wa bibi harusi anaoza mguu. Alipoulizwa habari za miguu alisema mizima, viatu vimefungwa kamba mpaka mwisho, soksi mpaka magotini. Daktari akaliambia dari, "Miguu yote miwili mizima, nukta." Afaf akaandika, na kwa kuwa alipenda kazi yake ipendeze, akaongeza kwamba ngozi ina rangi nzuri.

Walimbeba kutoka dukani kwake kwa machela, ana homa hajui alipo. Hospitali walimkata nusu ya mguu. Wanawe wakaja kliniki moto juu, wanataka kuvunja mlango, na Daktari Zakariya akawakaribisha kwa upole, akafungua kompyuta, akawasomea. Mgonjwa mwenyewe amesema. Tarehe hii hapa, maneno haya hapa. Wale vijana walisikiliza, wakatazamana, wakatoka, na daktari akamgeukia Afaf: "Waona faida ya kuandika kila neno?"

Afaf alifurahi. Haina haja kumsitiri: alifurahi, tena alikwenda kumhadithia mamake, na mama akawahadithia wateja, na posa ikavunjika. Kwamba yule mzee alimwogopa yeye kuliko alivyokiogopa kidonda, hilo halikumjia akilini hata kwa bahati mbaya.

Lilimjia siku ile ya zipu. Lilimjia na halikutoka tena.

Alianza kumbembeleza mamake asubuhi na jioni. Kama hutaki kwa Zakariya, alisema, Mbaraki pana daktari wa kike, mpole, watu wamsifu.

"Na yuwaandikiwa na nani?" Bi Swabaha akauliza. "Na Jannat. Na mamake Jannat, mwanangu, ni mwanamke hana haya. Hukai naye ukamwambia jambo."

Alisema hivyo bila kupepesa.

"Basi Malindi."

"Malindi kumejaa ndugu za babako, toka mlangoni mpaka chumba cha sindano."

"Nairobi, mama. Nairobi nani akujuaye?"

"Dadake Jannat yuko Nairobi." Akaukata uzi kwa meno. "Wewe wadhani uko peke yako? Kila kliniki ina Afaf wake. Mimi nawajua wote, ndio walioniweka mjini."

Uvimbe haukungoja wamalizane. Bi Swabaha alianza kutunga asumini mkono mmoja ameubana ubavuni, na wateja walipomuuliza alisema amelalia vibaya. Alicheka vilevile, alitia chumvi vilevile. Ya mtaa huu na ya mtaa ule aliyapika na kuyapakua. Lakini Afaf alimwona anavyonyamaza katikati ya hadithi, anameza, kisha anaendelea. Afaf aliogopa. Alikuwa na mama huyo mmoja, mwenye mdomo huo, na nyumba bila mdomo ule hakuweza hata kuiwaza. Akaacha kuleta habari. "Leo kulikuwa na nani?" mama huuliza, naye hujibu hakumbuki.

"Umekuwa bubu?"

"Nimechoka, mama."

"Bubu na mjinga," Bi Swabaha akasema, lakini hakuuliza tena.

Asubuhi moja alishindwa kuuinua mkono ajifunge leso. Alisimama katikati ya chumba, leso imemshuka kiunoni, mtu mzima analia kimyakimya kwa hasira. Afaf alimfunga. Na alipokuwa akimfunga alimwambia alilolipanga: kwamba atamwomba Purity, yule mama wa Kikamba anayepokea wagonjwa mlangoni, aandike siku hiyo badala yake. Purity ana mume, kanisa na kuku wake kule Changamwe. Hawajui watu wa Mji wa Kale wala hana haja ya kuwajua.

"Na wewe uwe wapi?"

"Nje, kwenye viti."

"Mbali na mlango."

"Mbali na mlango, mama. Wallahi."

Walipofika, sebule ya kungojea ilikuwa imejaa wazima. Bi Amatullah alikuwa kiti cha kwanza, amekaa kwa adabu zake, mkoba mapajani. Ikaanza salamu, na salamu za watu wale haziishi mpaka zimewapitia wote, wa bara na wa pwani, waliozaliwa na waliozikwa.

"Na weye je, Swabaha, waumwa?" Bi Amatullah akauliza mwisho kabisa, sauti laini.

"Mimi? Nimekuja presha tu. Utu uzima huu."

"Alhamdulillahi," Bi Amatullah akasema. "Sote wazima."

Bi Swabaha akaitwa, mlango ukafungwa. Afaf akaenda kukaa mbali na mlango kama alivyoapa, akakaa huko kadiri ya mtu kumeza mate, kisha akasogea. Kiti cha pili yake kilikuwa na upepo mzuri zaidi, na cha tatu zaidi ya hicho, na mwisho alijikuta sikio liko kwenye ubao.

"Bi Swabaha! Karibu mama. Hujambo?"

"Sijambo mwanangu, alhamdulillahi. Bayan hajambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Kisha, kwa sauti ya kwenda juu: "Mgonjwa anasema hajambo, nukta."

Purity aliandika kwa vidole viwili, tak, tak, tak, na hapakuwa na haraka yoyote katika vidole vile. Ukasikika mkwaruzo wa kiti kikisogezwa mbele. Afaf alimjua mamake: pale alikuwa anakusanya nguvu.

"Mwanangu," Bi Swabaha akasema, na sauti yake haikuwa yake. "N'na jambo. Lakini nataka lisitoke humu. Nakuomba kama mamako."

"Mama!" Kiti cha ngozi kikalia. Daktari alikuwa ameguswa, heshima yake imeguswa. "Siri ya mgonjwa ni amana. Sisi twala kiapo. Mimi hata nyumbani simwambii mtu. Labda Bayan tu, na Bayan ni mke wangu, si mtu mwengine."

Afaf akafumba macho. Bayan alikuja kwa Bi Swabaha kila wiki kuchukua asumini, alikuwa wa kwanza kukaa mkekani na wa mwisho kuondoka, na hakuja mikono mitupu. Nusu ya aliyokuwa nayo Bi Swabaha aliyapata kwa bintiye. Nusu ya pili aliletewa na mke wa daktari.

Ndani, Bi Swabaha alikirudisha kiti nyuma. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kila siku, ya mkekani, "La, ni presha tu, mwanangu. Vile vidonge vidogo vyaniwasha koo."

"Maumivu yoyote?"

"Hapana."

"Homa? Kupungua mwili? Uvimbe mahali popote?" Alikuwa akiisoma orodha yake ya kila siku, na dari lilikuwa likiijua kwa moyo.

"Mzima kama chuma."

"Mgonjwa amekanusha maumivu, amekanusha homa, amekanusha uvimbe, nukta."

Tak, tak, tak.

Mlango ulipofunguliwa Afaf alikuwa ameusimamia. Mamake alitoka na karatasi ya dawa mkononi, mkono wa pili umebanwa ubavuni pamoja na mkoba, uso umepakwa tabasamu la harusini.

"Rudi ndani, mama."

"Nipishe."

"Rudi, nakuomba."

"Afaf, watu watutazama."

Watu kweli waliwatazama. Kikohozi kikajimeza chenyewe. Simu zilizokuwa zikisomwa zikashushwa mapajani. Wanawake wale walijua harufu ya habari, na walijua mwenye nyumba ya habari amebanwa mlangoni na bintiye wa kumzaa.

Afaf akawatazama, akamtazama mamake. Alifikiri radhi. Alifikiri ndimu, ambayo siku hizi haikuwa ndimu changa tena. Alikuwa amesema ya kila mtu mjini, ya magoti na ya vitanda na ya mikojo, na hakuna hata moja alilolisema kwa faida ya mwenyewe. Na sasa alikuwa nalo moja ambalo likisemwa huenda likamwokoa mtu, na ulimi umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Bi Swabaha alikiona kile kinywa. Alikijua. Kilikuwa chake mwenyewe, alikikuta kwa mamake na akamrithisha bintiye, na alijua kikikaa vile ni neno gani linakuja na limefika wapi. Katika maisha yake yote Bi Swabaha hakuwahi kutanguliwa na mtu kwa habari, si ya ndoa, si ya talaka, si ya maiti. Hakuwa tayari kutanguliwa kwa hii.

"N'na uvimbe wa titi!" akasema, kwa sauti iliyofika ngazini. Akageuka akawakabili wote. "Haya. Mkubwa kama ndimu, na kwapani pana mwengine. Mkono hauinuki. Huko ndani nimesema mimi mzima, nimesema uongo. Mwataka jengine? Kwendeni mkaseme, nshawapunguzia kazi."

Mwanamke mmoja karibu na dirisha tayari alikuwa ameshika simu, kidole juu ya jina, lakini kidole kilikaa hapohapo. Cheti cha Nicanor kiling'aa ukutani.

Bi Amatullah ndiye aliyeinuka. Alikuja taratibu, mkoba kifuani, mpaka wakawa uso kwa uso.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo."

"Na kutwa ukikaa mkekani ukitusema?"

Bi Swabaha alitaka kujibu kwa ukali, na ukali haukuja. "Nikisema yenu," akasema, "nalisahau langu."

Mtu angedhani Bi Amatullah atamkumbatia, maana hivyo ndivyo inavyopendeza, na wawili watatu pale vitini walikwishashika ncha za mitandio kujifuta machozi. Hakumkumbatia.

"Mimi kila mwezi naja hapa," alisema, "nasema mzima, na nguo nabadili mara ngapi kwa siku Mungu ndiye ajuaye. Sikupata dawa kwa sababu yako. Na huyu binti yako. Mzee Aidarus yuwatembelea gongo kwa sababu yenu. Sijakusamehe, Swabaha, na sijui kama ntakusamehe." Akamshika mkono, ule mzima. "Ingia ndani."

Akaingia naye, hakugonga. Afaf akafuata mpaka kizingitini, na hapo akasimama. Daktari Zakariya alikuwa bado amejilaza kitini, macho juu, anaanza kuliandalia dari mgonjwa wa pili.

"Zakariya," Bi Amatullah akamwita, bila neno daktari, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mtoto mdogo akiuparamia ukuta wake kumwibia maembe. "Huku. Huyu hapa si mzima. Mtazame."

"Lakini amekanusha..."

"Amekanusha kwa kuwa chumba hiki ni soko. Na mke wako ni duka mojawapo. Inuka umguse."

Uso wa daktari ulipitiwa na rangi mbili tatu. Kisha aliinuka, akaenda kunawa mikono, na alinawa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu chini ya maji. Bi Swabaha alipanda kitandani akisaidiwa na Purity, akafunguliwa vifungo, akalala ametazama ukuta. Nyuma ya Afaf wale wazima walikuwa wameinuka vitini wote. Mmoja alianza kusema kwa sauti kwamba yeye kifua humbana usiku, na mwengine akamwambia yako ni afadhali, mimi natema damu, na sauti zikapandana pale sebuleni, za hasira na za aibu, kila mtu akimwaga aliyoyakalia.

Afaf alizisikia na hakushika hata moja. Alikuwa akiutazama mkono wa daktari. Ulikuwa mkono wa woga, haukuzoea, ulipapasa juu kama wa mtu anayeingia chumba chenye giza. Ulizunguka, ukashuka, ukafika kwapani. Ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukabonyeza tena palepale, polepole, na ukakaa.

"Niandike nini, daktari?" Purity akauliza.

Macho ya daktari hayakuwa juu.

Bi Swabaha akageuza kichwa, akamtazama usoni. Alikuwa amezisoma nyuso za watu maisha yake yote, na huu aliusoma mpaka mwisho.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Mji mzima ushajua. Nimebakia mimi."